Vumbi la Sonara

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chali kwenye sakafu ya jikoni kwa dada, ulimi nimeung'ata, dada anapiga kelele na mumewe ananishika kichwa nisikigonge kwenye mguu wa meza. Sikufa, kama mnavyoona. Maiti haiandiki gazetini.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, mimi ni fundi wa lifti. Rafiki yangu, ambaye kazini tulimwita Bolti kwa sababu alikuwa mfupi na hakufunguka kirahisi, alikufa chini ya lifti niliyokuwa naiendesha mimi. Baada ya mazishi sikulala siku tisa. Daktari akanipa kidonge cheupe chenye mstari katikati, cha kutuliza moyo, akaniandikia wiki mbili. Nikazifanya miaka miwili, kwa madaktari watatu wasiojuana. Kisha siku moja nikajiona mwanamume, nikavimwaga vyote chooni. Siku ya tatu nikaanguka kifafa.

Msomaji mmoja ameandika kuniuliza ilikuwaje mtu mzima ashindwe na kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi. Ndugu yangu, hata mimi nilijiuliza hivyo nikiwa nimefungwa kitandani kwa mikanda.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya mnadi. Alitaka kujua nani aliniambia niache ghafla. Nikasema hakuna, nilijiamulia. Akasema ndiyo maana nilikuwa pale. Mwili wangu, alinieleza, ulikuwa umejipanga miaka miwili kuishi na ile dawa, na mimi nikaiondoa kwa siku moja. Hilo nililielewa vizuri, maana lifti ina uzani nyuma yake unaoishika isipae wala isianguke, na hakuna fundi mwenye akili anayekata waya wa uzani huku watu wamo ndani.

Kitanda cha jirani alilala mwalimu mstaafu aliyekuwa anaachishwa pombe. Alitetemeka mpaka chupa ya maji ikacheza juu ya kabati. Asubuhi muuguzi akaja, akampa kidonge. Nikakitazama. Cheupe, mstari katikati.

Nikamwita daktari, nikamwambia wanamwua yule mzee kwa kitu kilekile kilichoniua mimi.

"Yeye anapewa siku tano, ili pombe isimtoke na roho," akasema. "Baada ya hapo naikata. Dawa haina dhambi, bwana fundi. Ina muda. Wewe ulikaa nayo baada ya muda wake kwisha."

Mwalimu alitoka siku ya saba, anatembea wima, ananitania kwamba ameniachia chumba. Nilimwonea wivu.

Mimi nilirudishiwa dozi yangu, kisha nikapewa masharti. Kila baada ya wiki mbili ipungue kidogo sana, sehemu moja katika kumi ya ile ya mwanzo. Nikiona mwili unakataa, nisubiri. Na vidonge visikae mkononi mwangu. Dada akasema vitakaa mkononi mwake, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaisubiri kazi hiyo tangu nilipokuwa na miaka sita.

Tatizo likawa kile kidonge chenyewe. Ukikikata kwa kisu kinapasuka kinavyotaka, huku kipande, huku unga. Daktari akasema tukisage, tukichanganye na maji, tupime kwa bomba la sindano. Hapo shemeji yangu, mume wa dada, akakunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama.

Shemeji ni sonara. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha moja na meza moja iliyochongwa nusu duara ili tumbo liingie. Chini ya meza ametundika ngozi, kila kinachodondoka kiangukie humo. Alimjibu daktari kwa adabu kwamba yeye ana mizani inayopima uzito wa unywele, na kwamba kama ni kupunguza kitu sehemu moja katika kumi, hiyo ndiyo kazi anayoifanya tangu hajaota ndevu.

Basi kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Anakishika kidonge kwa koleo ndogo, anakipitisha kwenye tupa laini mara tatu, mara nne, anakiweka kwenye mizani, anakuna kidevu, anakipitisha tena. Halafu ananipa kwenye kiganja kama pete ya arusi. Tukaenda hivyo miezi saba, maana mara nyingi mwili ulikataa tukasubiri, na polepole ndio mwendo.

Sisemi ilikuwa rahisi. Kila dozi iliposhuka, dunia ilipiga kelele zaidi. Nilisikia maji yakitembea ndani ya bomba la nyumba ya jirani. Mikono ilitetemeka, mdomo ukawa na ladha ya sarafu, na hofu ilinijia saa nne asubuhi nikiwa nakunja shuka, hofu isiyo na jina wala sababu.

Sababu ilikuwepo, nisiwadanganye. Nilishawaungamia zamani, lakini narudia, kwa kuwa ya leo yote yanatoka hapo.

Ndani ya shimo la lifti simu haishiki. Kwa hiyo mimi na Bolti tulizungumza kwa spana. Aliye chini anagonga reli ya chuma, na aliye juu kwenye chumba cha mota anasikia. Mara tatu ni shusha. Mara mbili ni pandisha. Mara moja ni simama.

Siku ile zilikuja tatu, nikashusha. Kisha ikaja moja. Niliisikia. Nikasema moyoni, huyu ameangusha spana, maana alikuwa na tabia ya kuangusha spana. Nikaendelea kushusha kwa muda wa pumzi mbili. Kamati ya uchunguzi iliponiuliza, nikasema sikusikia chochote. Wakaandika kwamba marehemu aliingia chini ya lifti bila kutoa ishara, akafa kwa uzembe wake mwenyewe.

Tangu hapo kila kinachogongwa kinaniita. Na mimi nilikuwa nalala kwenye nyumba ya sonara, ambako nyundo inaanza kazi kabla ya chai. Tatu, mbili, tano, hizo nilivumilia. Ila siku alipogonga moja akanyamaza, alinikuta nimejikunyata nyuma ya mlango nimeziba masikio. Hakuniuliza kitu. Lakini nikaja kugundua kwamba tangu siku ile shemeji hagongi mara moja. Hata kama moja inatosha, anaongeza ya pili kwenye mbao tupu.

Dozi ilipofika chini ya nusu, nilipata nguvu ya kuandika barua. Niliiandikia kamati kwamba nina jambo la kuongeza. Wakajibu kwamba watanisikiliza mara moja tu, Alhamisi, na baada ya hapo faili linafungwa. Daktari akaniandikia barua ya kueleza dozi yangu ya kila siku, kwamba ni ndogo na haiharibu kauli. Akanionya nisizidishe wala nisipunguze mpaka kikao kipite.

Wiki moja kabla ya Alhamisi hiyo, nilikuwa natafuta karatasi ya msasa kwenye droo ya shemeji. Nikakuta chupa ndogo ya kioo, ya aina wanayowekea unga wa dhahabu. Ndani kulikuwa na unga mweupe, umefika shingoni.

"Shemeji, hili vumbi la nini?"

"La nini kivipi?" Hakuinua macho. "Ni vumbi. Vumbi halitupwi."

"Lakini hii si dhahabu."

Akaacha tupa. Akaitazama ile chupa muda mrefu kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. "Lo," akasema. "Mkono umezoea."

Miezi saba, kila asubuhi, baada ya kunipa kidonge alikuwa anakunja ngozi, anafagia kwa brashi, anamimina kwenye chupa. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na kila kilichopunguzwa kwangu kikawa kimetunzwa humo. Nilikuwa nimeshika mkononi usingizi wa mwezi mzima.

Nisiwafiche, niliishika zaidi ya ilivyopasa. Kidole gumba kilishaanza kuzungusha kifuniko. Halafu nikaiweka mezani, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nilijivunia sana siku hiyo. Na ili nisibaki na siri, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, nikaenda kumwambia dada kila kitu. Chupa iko wapi, ina nini, na kwamba nusura nifungue.

Dada akaichukua. Akasema kesho yake atampelekea daktari ikateketezwe. Nikamshukuru. Sikuuliza tena.

Jumanne nilifanya mazoezi. Niliwakalisha mezani dada na shemeji, nikasimama kama niko mbele ya kamati, nikaanza. Jina langu, kazi yangu, tarehe. Nilipofika kwenye maneno "kisha nikasikia moja," taya likajifunga. Mkono ulirusha kikombe ukutani. Nilitetemeka mpaka shemeji akanikalisha. Dada akafuta sakafu kwa muda mrefu kuliko sakafu ilivyohitaji.

Alhamisi asubuhi shemeji alipima, akanipa changu. Dada akaniletea chai ya maziwa. Ilikuwa tamu mno, nikamtania kwamba leo bakuli la sukari limemponyoka. Akasema nina safari, nahitaji nguvu. Chini ya kikombe kulibaki tope jeupe, chungu. Nikadhani ni maziwa ya unga ambayo hayakukorogwa vizuri. Nikalimalizia, kwa kuwa nimelelewa nisiache kitu kwenye kikombe.

Ofisi ya kamati ilikuwa ghorofa ya nne. Nilipanda kwa ngazi, mnajua kwa nini. Dada nyuma yangu akihema.

Kwenye korido, kwenye benchi la mbao, alikaa mjane wa Bolti. Sikuwa nimemwona tangu siku ya mazishi. Alikuwa amekonda, na kwenye mapaja alikumbatia mkoba mkubwa mweusi.

"Shemeji yangu," akaniita, maana mke wa rafiki humwita rafiki hivyo. "Nimeambiwa umekuja kutusemea."

Nikaketi karibu naye, nikajibu ndiyo. Akafungua mkoba kidogo nione. Ndani ilikuwemo spana ya Bolti, ile ndefu ya mpini uliofungwa tepe ya bluu. Alisema kampuni ilimrudishia pamoja na viatu, na ameileta ili kamati iione.

"Mwanangu wa kwanza ameacha kwenda shule," akasema. "Wenzake wanamwambia baba yake alikufa kwa ujinga. Mimi sitaki kitu kingine, shemeji. Nataka tu waandike kwamba hakuwa mzembe. Kama aligonga, waandike aligonga."

Nilitaka kumwambia palepale. Nilikuwa nimejiandaa kwa moyo kunipanda kooni, mikono kucheza, jasho. Nikasubiri vije.

Havikuja.

Kwanza yalishuka mabega. Kisha taya likalegea, na kelele za mlango wa ofisi zikasogea mbali. Joto likapanda kutoka tumboni taratibu. Nilimtazama mjane wa rafiki yangu akilia kimyakimya, na sikuona uchungu wowote. Niliona kwamba benchi lile lina misumari mizuri.

Ninaijua hali hiyo. Nimeishi nayo miaka miwili kama mke. Miezi saba sikuwa nimeionja, na kwa dakika nzima, Mungu anisamehe, niliifurahia kabla sijajiuliza imetoka wapi.

Nikamgeukia dada. Alikuwa anatazama kidole cha mguu wake.

"Dada, ulitia nini kwenye chai?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ncha ya kijiko. Labda na nusu." Alikuwa anakunja pindo la khanga. "Ningeipimaje, mdogo wangu? Mizani siijui mimi. Nilikuona Jumanne. Ungeanguka mbele yao, wangesema mlevi. Nilitaka upate tu ujasiri wa kusema."

Sikuweza hata kumkasirikia. Hasira ilikuwa mahali fulani ng'ambo, naiona, haifiki. Nikajaribu kusema ni lazima tuondoke, na ulimi ukanijibu kwa kuchelewa. Nikajaribu kusimama, ukuta ukanisaidia.

Karani akafungua mlango, akaita fundi wa lifti.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko kilivyokuwa kwenye ndoto zangu. Meza ndefu, watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Kushoto kwake akakaa wakili wa kampuni, kijana nadhifu, mbele yake faili jembamba. Mjane akapewa kiti cha chuma karibu na mlango. Dada akasimama nyuma kabisa.

Niliapishwa. Nikayatamka maneno taratibu, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Wakili akainuka. Akasema kampuni haipingi shahidi kusikilizwa, ila imepata habari kwamba shahidi alilazwa kwa ajili ya vidonge vya kutuliza, na inaomba jambo hilo lijulikane kwanza. Mwenyekiti akasema linajulikana, akainua barua ya daktari. Akaisoma kwa sauti, mpaka sahihi.

Kisha akavua miwani, akanitazama. Hakuwa na ubaya. Nadhani alitaka kunisaidia.

"Kamati imeikubali dozi hii," akasema. "Lakini kwa taratibu zetu, ushahidi wa mtu aliyezidisha hauingii, na kikao hiki hakirudiwi. Kwa hiyo nakuuliza ukiwa chini ya kiapo. Mbali na hii iliyoandikwa hapa, leo umetumia chochote?"

Nikaelewa vizuri kabisa, hata ndani ya ule ukungu. Nikisema ndiyo, napelekwa nje, faili linafungwa, na Bolti anabaki mzembe mpaka siku ya kiyama. Nikisema hapana, naanza kumsafisha marehemu kwa uongo mwingine, mbele ya kamati ileile niliyoidanganya mara ya kwanza, na wakili yule anasubiri ulimi wangu ujikwae.

Nyuma ya chumba dada alikuwa anatikisa kichwa polepole. Sema hapana. Sema hapana, mdogo wangu.

Na hapana ilikuwa nyepesi. Hiyo ndiyo sifa ya kile kidonge ambayo daktari hakuniandikia popote. Hakikuniondolea hofu ya Bolti peke yake. Kiliniondolea na hofu ya kudanganya. Nilimtazama mwenyekiti, nikatabasamu, nikafungua mdomo.

Karibu na mlango mjane alikuwa anajisogeza mbele ili anisikie. Mkoba ukamteleza mapajani. Spana iliyokuwa ndani ikagonga mguu wa kiti, chuma kwa chuma.

Mara moja.

Hakuna aliyegeuka. Mjane akaurudisha mkoba mapajani, akaomba radhi kwa kunong'ona. Mwenyekiti akasema, "Bwana fundi, tunasubiri jibu lako."

Nikasimama pale, mdomo wazi, neno limeshafika kwenye meno. Nilikuwa nimeisikia.